Chungu Kisichojua Sabuni

Niliosha chungu cha Kukhu kwa sabuni. Sitaanza kwa kujitetea, maana hata nikijitetea chungu kimeshaoshwa. Nilichukua sabuni ya unga ile ya samawati, nikachukua na waya wa kusugulia sufuria, nikasugua mpaka kucha zikauma. Masalia yaliyokuwa chini nikawamwagia kuku, nao wakala kwa furaha. Nikakisuuza mara tatu, nikakianika juani, kisha nikasimama mikono kiunoni kama mtu aliyemaliza kujenga shule. Mtu mzima mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne kilichokunjwa mara nne ndani ya Biblia, niliyelelewa na chungu hicho hicho.

Wale wa rika langu waliokulia upande huu wa Busia wameshashika mdomo. Kwa ajili ya watoto wenu wanaokunywa uji wa pakiti, nitaeleza. Chungu cha uji wa kuchacha hakioshwi. Unakoroga ndani yake unga wa mtama na muhogo, unakifunika kwa ungo, unakiweka karibu na jiko pale ambapo joto linafika lakini haliunguzi. Baada ya siku mbili unachota wa kupika, na kile kidogo unachobakiza chini ndicho kinachochachusha unga unaofuata. Bibi yangu, ambaye sisi kwa Kiluhya tunamwita Kukhu, alikiita mbegu. Alikuja na mbegu yake kutoka kwao Butula alipoolewa, imefungwa ndani ya kibuyu, na tangu siku hiyo haikuwahi kukosa unga. Ilipita watoto saba, ikapita wakwe ambao sitawataja, ikapita mapaa matatu: la nyasi, la mabati, na hili la mabati mapya linalovuja kuliko lile la nyasi. Kisha ikafika kwangu mimi na sabuni yangu.

Watu nimewaambia niliosha kwa ajili ya usafi. Binamu yangu alikuwa amekuja kutoka Nairobi, akasimama mlangoni, akakunja pua, akasema, "Hii nyumba inanuka uchachu. Mgonjwa anafaa kupata hewa safi." Akapiga picha na Kukhu, akaondoka. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka anapenda kazi inayoonekana imekwisha. Kumgeuza Kukhu hakuishi, kumwosha hakuishi, kufua mashuka yake hakuishi. Chungu, nilidhani, kitaisha.

Miaka ya Kukhu hatuijui. Kitambulisho kinasema jambo moja, yeye anasema jingine, na yule mzee aliyekuwa akiamua ubishi huo alishazikwa. Ninachojua ni kwamba amekuwa mdogo. Ninamwinua siku hizi kama karai la nguo zilizokamuliwa. Ameacha ugali, ameacha nyama, ameacha chai, akabaki na uji wa kile chungu, kikombe saa nne na kikombe saa kumi. Jamaa zetu wanampenda sana kwa simu. "Umempa supu?" "Mpondee parachichi." "Usimwache alale upande mmoja." Hakuna aliyewahi kuuliza mimi nalala upande gani.

Niliosha Jumamosi. Jumatatu nikampikia uji wa unga mpya, nikamwinua, nikamwekea kikombe mdomoni. Alinusa.

"Hii ni nini?"

"Ni uji, Kukhu."

"Uji wa nani?"

"Wako."

"Huo siujui," akasema, akafunga midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Jumanne nikakamulia ndimu. Akageuza uso. Mchana wake nikaweka maziwa lala, akatema kwenye kanga yangu. Jumatano nikaweka hamira ya mandazi, na sitaki kuzungumzia Jumatano, ila tu kwamba uji uliumuka ukatoka chunguni wenyewe ukatembea mpaka mlangoni. Kufikia jioni hiyo Kukhu alikuwa amegeukia ukuta. Nilikuwa nikimpa vijiko vya maji yenye glukosi, viwili vitatu, na hata hivyo nusu yake ilishuka shingoni. Mimi mwenyewe nilikuwa nakunywa chai ya rangi nikiwa nimesimama. Sketi yangu ilikuwa imeanza kudai pini.

Mama Zainabu, mwenye duka linalotazamana na geti letu, alikuja kuangalia. Ni mama wa Kiislamu mwenye mwili wa kutosha na maneno ya kuzidi. Amekuwa jirani yetu tangu kabla sijaolewa, akawa jirani yetu niliporudi kutoka kwa ndoa hiyo baada ya miaka miwili nikiwa na godoro na sufuria mbili, na hajawahi kuniuliza kilitokea nini, kwa sababu anadhani anajua.

"Umemfanya nini huyu mzee?" akauliza.

"Nimeosha chungu."

"Chungu cha uji?"

"Ndiyo."

"Na sabuni?"

"Na sabuni."

Akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. "Yaani wewe kukaa kote huko nyumbani, hukujifunza hata kukaa na chungu."

Alipoondoka, niliinamisha kichwa ndani ya chungu nikanusa. Nilitarajia angalau kitu kidogo kilichojificha kwenye nyufa. Nikapata harufu ya maua, tena maua yasiyoota kwetu. Sabuni ndani ya udongo. Na nikiwa nimeinama hivyo kama kuku anayetafuta chawa, nikakumbuka kwamba harufu hiyo niliwahi kuinusa kabla, ndani ya chombo kingine, na kwamba mara hiyo ya kwanza sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimekusudia.

Nililetwa kwa Kukhu, mama yake baba, kwa wiki mbili. Mama alinileta kutoka Namboboto, kwao, ambako tulikuwa tumekimbilia baada ya yeye na baba kukosana kwa namna ambayo mimi sikuelezwa. Baba alikuwa dereva wa trela, mtu wa Kampala na kwingineko, na hata kabla ya ugomvi tulimjua zaidi kwa honi. Mama aliniketisha kwenye kigogo nje ya jikoni, akanipa mfuko wenye magauni mawili, akaniambia, "Nitakuja Ijumaa." Hakusema Ijumaa gani. Mimi mtoto nilidhani Ijumaa ni moja.

Kukhu wa wakati huo mngemwona. Mrefu, mgongo kama nguzo ya simu, mikono yenye harufu ya moshi na uchachu. Nililala naye kitanda kimoja, na nilipofungua macho alikuwa hayupo, na nje kulikuwa na moto, na kuku walikuwa wanazungumza naye. Niliamini kwa muda mrefu kwamba yeye ndiye anayewasha asubuhi. Kwamba siku moja akilala, sote tutabaki gizani tukimngoja. Alilima, alipepeta, alipika chungu kizima hata siku ambazo tulikuwa wawili tu. Na hatukubaki wawili. Dereva ambaye gari lake limeharibika barabarani, mama anayetoka sokoni akizidiwa na jua, mpwa wa mtu fulani asiyejulikana sawasawa, wote walijua mlango wetu. "Keti, kwanza unywe," alikuwa akisema, hata kabla hajauliza jina.

Mimi sikuwapenda. Kila aliyeketi nilimhesabu kama mtu anayekalia mahali pangu. Unajua mtoto aliyeachwa mahali kwa wiki mbili anavyokuwa: anachunga kila kitu, kama mbwa aliyepewa mfupa asioamini ni wake.

Lakini wote hao walikunywa wakaenda. Aliyenitisha hakuwa anakuja. Alikuwa anaendewa.

Kila Alhamisi, Kukhu alichota uji mbichi kutoka chunguni, akaujaza kwenye kibuyu, akakiziba kwa gunzi la mahindi. Kisha akakifunga mgongoni kwa shuka, juu kabisa, karibu na shingo, vile mama anavyofunga mtoto mchanga ili asishikwe na baridi. Akavaa viatu vyake vya kanisani. Akaenda ng'ambo, upande wa Uganda, akarudi jua likishuka, kibuyu kitupu. Njiani alikipiga-piga kwa mkono kwa nyuma, taratibu, na nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua. Nilikuwa nikimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya barabara, na nilihesabu kila kofi.

Siku moja jirani alimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo na mvua iko njiani. Kukhu akajibu, "Yule wa ng'ambo asipokunywa hatalala."

Nilikuwa nyuma ya mlango nikichambua maharagwe. Mambo yote yakapangika kichwani mwangu kama viti kanisani. Kibuyu kinabebwa kama mtoto. Kuna mtu asiyelala mpaka anywe. Basi Kukhu ana mtoto ng'ambo. Mdogo kuliko mimi, anayependwa kuliko mimi, maana mimi sijawahi kuvaliwa viatu vya kanisani. Na siku yoyote atapata nguvu za kutembea, ataletwa, kitanda hakitatutosha, na mimi nitarudishwa kwa Ijumaa ambayo haifiki.

Alhamisi iliyofuata, Kukhu alipoingia ndani kutafuta viatu, nilichukua kibuyu nikaenda nyuma ya ghala. Nilipovuta gunzi, kibuyu kilitoa pumzi. Hssss. Sasa najua ni uchachu tu, lakini siku hiyo niliganda. Kilikuwa kinapumua. Mtu mwenye huruma angerudisha gunzi. Mimi nikageuza kibuyu, nikamwaga uji wote kwenye majani, nikakijaza maji niliyooshea vyombo asubuhi, yenye povu na punje moja ya haragwe ikielea. Nikaziba. Nikakirudisha pale pale. Kukhu akaja, akakifunga mgongoni, akakipiga-piga, akaenda.

Hiyo ilikuwa Alhamisi ndefu. Nilifagia uwanja mara mbili bila kutumwa, jambo ambalo peke yake lingetosha kunishitaki.

Alirudi amelowa mvua. Hakunipiga. Hakuuliza. Aliketi karibu na moto, akaweka kibuyu katikati yetu, akavuta gunzi, akanisogezea ninuse. Sabuni. Nikanusa, nikamtazama, akanitazama. Kisha akapakua ugali wangu kama siku zote, akaweka na mboga, akasema, "Kesho utavaa gauni la buluu."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilijua basi ndiyo hiyo, narudishwa. Nililia nikivaa, lakini bila sauti, maana nilikuwa na aibu kidogo bado. Kukhu alifunga kibuyu kingine mgongoni, akanishika kiganja cha mkono, tukatoka.

Tulipita trela zilizopanga foleni kutoka mbali kabisa, na madereva wakipika chai chini ya magurudumu, na mimi nikitafuta la baba bila kumwambia mtu. Kuvuka siku hizo kulikuwa ni kuvuka tu. Akina mama walikuwa na mabeseni ya samaki kichwani, wabadilishaji pesa wameketi kwenye viti vya plastiki na noti mapajani kama watu wanaochambua mboga, na walemavu wa miguu, waliokuwa wafanyabiashara hodari kuliko wote, wakipita kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa mpaka mizigo inawafunika. Kijana mmoja wa baiskeli wa upande wa pili akamwita Kukhu mama kwa Kiganda, "Nyabo, nikubebe?" Kukhu akasema miguu yake bado ni mizima. Hatukuwa tumeelekea Namboboto. Hilo lilinipa nguvu kidogo, kisha likanitisha zaidi. Napelekwa kwa yule mtoto.

Nyumba ilikuwa na ukuta mmoja tu uliopakwa chokaa, kana kwamba mpakaji aliitwa kwingine. Chini ya ukuta huo, kwenye mkeka, alilala mwanamke mzee amegeukia chokaa. Mwembamba, visigino vyeupe. Nilichungulia ndani nikitafuta mtoto. Hapakuwa na mtoto.

"Mulembe," Kukhu akasalimu.

Yule mzee hakugeuka. "Umeniletea tena maji ya kuosha vyombo?"

"Hapana. Nimekuletea aliyeviosha."

Kisha yule mzee akajigeuza pole pole, akaniangalia. Alikuwa amebakiza meno machache, na macho makali sana.

"Sema," Kukhu akaniambia.

Nilisema. Sikumbuki nilianzia wapi, ila nakumbuka nilipofika. "Nilidhani wewe ni mtoto."

"Mimi?"

"Ndiyo."

"Na ukataka mtoto afe njaa?"

Nikasema tu kilichokuwa karibu na mdomo. "Nilitaka asikuje kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwa Kukhu."

Mkono wa Kukhu, uliokuwa umenishika kiganja kwa nguvu tangu nyumbani, ukaachia, ukapanda ukakaa kichwani pangu. Ulikuwa mzito. Yule mzee alianza kucheka, kicheko kikawa kikohozi, kikohozi kikarudi kuwa kicheko. "Mtoto," akasema. "Haya njoo unibebe basi." Akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto kweli, na Kukhu akacheka pia, na wanawake wawili wazima wakanicheka mpaka nikatamani kurudishwa.

Yule alikuwa mke mwenza wake. Babu alikuwa mtu wa shamba huku na shamba kule, akaoa huku akaoa na kule, akaishi maisha yake yote kama mtu anayeota moto pande mbili. Wake zake hawakusalimiana kwa miaka mingi. Waligombania nini sijui, pengine yeye mwenyewe, ingawa kwa picha niliyoiona sioni sababu. Alipokufa walikaa kwenye mkeka mmoja wa msiba siku kadhaa bila kusemeshana, kisha mmoja akamwuliza mwingine kama amekula. Ndivyo ilivyoanza. Na huyu wa ng'ambo alipougua tumbo, chungu chake mwenyewe kikiwa kimepasuka, akawa hawezi kitu kingine isipokuwa uji ule. Ndiyo maana ile Alhamisi ya povu alimwambia Kukhu achukue kibuyu chake asirudi tena. Alidhani ugomvi wa zamani umefufuliwa kwa matusi. Kwa mkono wangu, na punje moja ya haragwe, nilikuwa nimebakiza kidogo tu kuvunja kilichochukua maisha kujengwa.

Siku hiyo Kukhu alimkorogea, akamwinua akamnywesha. Kisha akafanya jambo jipya. Alimtuma binti wa pale, shangazi yetu ambaye tunamwita Senge Nafula, akanunue chungu sokoni. Kilipoletwa, akamimina ndani yake nusu ya kibuyu, akaongeza unga, akakifunika.

"Mbegu isikae nyumba moja," akasema. "Kuna watu wana sabuni."

Wakati wa kurudi nilimuuliza kwa nini anatembea kote huko kwa mtu ambaye si ndugu yake. Akasema, "Wewe unadhani kuna mtu mwingine ninaweza kumwuliza kama babu yako kweli alikuwa anakoroma vile, au nilikuwa naota?"

Tulitembea. Karibu na nyumbani nikauliza lile lililokuwa limenikaa kooni tangu asubuhi. "Kukhu, leo ni Ijumaa. Mama atakuja?"

Wakati huo watu wazima hawakuwa na desturi ya kuwaambia watoto ukweli. Kukhu alikaza shuka la kibuyu mgongoni.

"Sijui," akasema. "Lakini Alhamisi tutaenda ng'ambo, mimi na wewe."

Na tulienda. Alhamisi zote, na mimi ndiye niliyefungwa kibuyu mgongoni, mpaka nikasahau kuhesabu Ijumaa. Mama alikuja hatimaye, mara nyingi, akiwa na sukari na mkate, kama mgeni mzuri. Lakini hakuna aliyezungumzia tena wiki mbili.

Haya. Turudi kwa mwenye sabuni.

Alhamisi asubuhi, na sikupanga iwe Alhamisi, nilimwambia Mama Zainabu aketi na Kukhu, navuka. Alinitazama kana kwamba nimesema naenda Ulaya. Ana haki. Mimi ni mtu ambaye kufika sokoni najisikia nimesafiri. Ng'ambo sikuwa nimeenda tangu tulipomzika Kukhu Mdogo, maana ndivyo nilivyokuja kumwita yule mtoto wangu wa mkekani. Mpakani siku hizi kuna majengo makubwa na vioo, na mstari wa kusimama, na mimi nilisimama kwenye mstari wa malori kwa muda kabla wakala mmoja kunihurumia. "Mama, wewe umebeba kontena?" Nikamwambia bado. Akanielekeza.

Senge Nafula naye amezeeka. Alinikuta nimesimama uwanjani, akasema kwanza, "Umekonda," halafu ndipo akanisalimia. Nikamweleza. Alisikiliza kama mtu anayesimuliwa ajali.

"Ulisugua na nini?"

"Waya."

"Na waya pia," akasema taratibu.

Hakuwa na chungu tena, ana ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Alipokifungua, ile harufu ilinijia usoni. Moshi haukuwepo lakini moshi ulikuwemo. Mikono ya Kukhu ilikuwemo, na shuka, na viatu vya kanisani. Macho yakaniwasha. Nikasingizia moshi, na Senge, ambaye hakuwa amewasha moto wowote, akakubali kwamba siku hizi kuna moshi sana.

Alinijazia kwenye chupa ya soda ya lita mbili, akalegeza kifuniko ipumue. Nilifikiria kuibeba kwenye mfuko kama mtu aliyesoma. Kisha nikavua leso, nikaifunga mgongoni, juu, karibu na shingo. Kwenye mstari wa kurudi, askari kijana alinipisha mbele.

"Pita mama, mtoto atachoka."

"Si mtoto. Ni uji."

Alitazama chupa, akanitazama mimi, akaamua kwamba kazi yake haijafika hapo.

Nilirudi nikatia mbegu kwenye chungu, nikaiongezea unga, nikaifunika kwa ungo. Halafu ikabidi kungoja. Hakuna ninachokichukia kama kungoja, labda kwa sababu nilianza mapema. Ijumaa Kukhu alikuwa anapumua kwa mbali. Jumamosi alikataa hata kijiko. Jamaa walipiga simu kuuliza kama waanze kujipanga kwa safari. Nikawaambia wajipange polepole. Kila baada ya muda niliweka sikio kwenye ungo. Jumamosi jioni, nikiwa nimepiga magoti jikoni, nilisikia. Hssss. Kidogo tu.

Jumapili, makanisa yakiimba kila upande, nilipika. Nilimwinua Kukhu nikamwegemeza kifuani kwangu, na alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilihisi moyo wake kuliko mifupa. Nikamletea kikombe. Alinusa. Nilijikuta nimezuia pumzi kama mtu anayepigwa picha.

Akafungua mdomo.

Alikunywa nusu kikombe, akipumzika katikati. Kisha akafungua macho. Yalikuwa mbali, lakini yalikuwa yake.

"Leo Alhamisi?"

Nje walikuwa wanapiga ngoma za Jumapili. "Ndiyo, Kukhu."

"Hii nyingine mpelekee mwenzangu. Asipokunywa hatalala."

"Sawa."

"Uvae viatu vizuri."

Akalala palepale, midomo imelowa. Nilimlaza, nikamfuta, nikamfunika. Kisha nikatoka nje na kile kikombe nusu mkononi, nikasimama uani. Nilikuwa na furaha, nadhani. Lakini furaha ilinikuta nimechoka mno, ikaketi mbali. Nilitazama kikombe. Yule wa ng'ambo ana kaburi, na kaburi lake lina migomba juu. Kukimwaga siwezi, nimeshamwaga wa kutosha katika maisha yangu. Kukirudisha chunguni haifai. Kuvuka tena siwezi, magoti yamekataa.

Mama Zainabu alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, akining'iniza nguo, ananitazama.

"Amekunywa?"

"Amekunywa."

"Alhamdulillahi. Sasa mbona umesimama hapo kama mti?"

"Nimechoka, Mama Zainabu. Ameniambia huu uliobaki nimpelekee mwenzake. Mwenzake amekufa. Sasa huu uji ni wa nani?"

Alibana kibanio cha mwisho kwenye kamba, akapangusa mikono, akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ile pini ya sketi.

"Kunywa wewe," akasema. "Hiyo nyumba ina mtu mmoja anakufa na njaa, na si huyo mzee."